Shimo lisilo na mnunuzi

Saa mbili asubuhi, majani bado yana umande, Mwamvita Kondo ameinama katikati ya kiwanja kitupu nyuma ya mashine ya kusaga huko Kihonda, anapekua nyasi kwa fimbo. Anaokota kipande cha chupa. Anaokota msumari uliopinda, kisha wembe. Kila anachookota anakitumbukiza kwenye kopo tupu la maziwa ya unga.

Watoto kumi na mmoja wanamngoja kando ya njia. Mkubwa wao ana miaka sita. Mdogo, Asha, amevaa kandambili zisizofanana, na ameshika pindo la gauni la mwenzake. Hakuna anayekanyaga kiwanjani mpaka Bibi aseme.

"Haya, ingieni!"

Wanaingia kama kuku waliofunguliwa banda. Wengine wanakimbizana, wengine wanachimba mchanga kwa vifuniko vya chupa. Mwamvita anajinyoosha mgongo na kuketi juu ya tofali.

Hajakaa sana, lori linaingia kinyumenyume na kumwaga mawe. Watoto wanatawanyika wakipiga kelele. Mwamvita anawahesabu kwa macho mpaka amwone Asha. Anashuka mwashi mmoja, fundi Alois, kamba begani na mambo za mbao, vile vigingi vya kupimia, mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mawe?"

"Mwenye kiwanja amepiga simu kutoka Dar. Anataka msingi uanze leo."

"Bwana Abel aliniambia mwenyewe, mpaka mwakani."

Alois anatazama chini. "Mimi natumwa tu, mama. Nikikataa mimi ataletwa mwingine."

Mwamvita anawapanga watoto mstari, wanashikana mikono, wanatoka. Nyuma yao mambo zinaanza kugongwa ardhini.

Hiyo ndiyo kazi ya Mwamvita, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili: kulea watoto wa majirani ambao mama zao wanaondoka alfajiri kwenda vibaruani na sokoni. Kila mzazi anamwachia shilingi mia moja kwa siku, asiyekuwa nayo anamletea kibaba cha unga, na asiyekuwa na chochote anamletea mtoto tu. Anapanga chumba kimoja, na uani kuna majiko ya wapangaji sita. Kwa hiyo kila siku ya Mungu sharti awatafutie watoto pa kuchezea. Pawe bure. Pasiwe na gari, pasiwe na maji, pasiwe na mtu wa kuwafukuza.

Mahali pa namna hiyo, Kihonda ya mwaka huu wa 1999, ni adimu kama maziwa ya kuku.

Mwamvita ni Mluguru wa Mgeta. Anasema utotoni mwake mlimani hakuwahi kusikia habari za kiwanja cha watoto.

"Tulicheza mashambani kwa mama zetu," anasimulia. "Kwetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo ni wa mama. Ukifukuzwa shamba hili kwa kukanyaga maharage, unahamia kwa mama mdogo. Huyo naye akichoka, yupo mama mkubwa."

Alishuka mjini mwaka 1974, mumewe alipopata kazi katika kiwanda cha nyuzi. Naye akaajiriwa papo hapo kiwandani, kwenye kituo cha kulelea watoto wa wafanyakazi. Nyuma ya kituo palikuwa na bembea tatu, bati la kutelezea, na mti wa mkungu uliotandaza kivuli uwanja mzima. Jumamosi geti liliachwa wazi. Watoto wa mtaa mzima, mzazi awe mfanyakazi wa pale au la, waliingia kucheza na wazazi wao wakakaa kivulini kupiga soga.

"Hakuna aliyelipa. Wala hatukufikiri kwamba mtu anaweza kulipia bembea."

Mwaka 1993 mishahara ilianza kuchelewa, umeme ukakatwa, kisha wafanyakazi wakaambiwa wapumzike nyumbani wasubiri taarifa. Taarifa ilipokuja ilikuwa ya kupunguzwa kazi. Kiinua mgongo cha Mwamvita na cha mumewe viliishia hospitalini, mume naye akafariki mwaka uliofuata. Kiwanda kilipata mnunuzi, akakigeuza ghala la sukari ya nje na mitumba. Geti likawekewa walinzi na mbwa.

Bembea zilikatwa zikauzwa chuma chakavu. Mwamvita aliziona zikipitishwa mbele ya mlango wake juu ya mkokoteni, ile ya manjano ikiwa juu kabisa. Binti yake Shakila, ambaye sasa ameolewa Turiani, alikimbia nyuma ya mkokoteni ule hadi barabara kuu, ingawa alikwishakuwa msichana mkubwa.

Baada ya hapo watoto walihamia tambarare, eneo la wazi ambalo wenyeji wote walijua limetengwa kwa ajili ya michezo. Wakubwa walipiga mpira upande mmoja, wadogo wakacheza upande mwingine, na Mwamvita akiwa na kundi lake katikati. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kadhaa. Februari mwaka jana, mvua kubwa zile zilipopungua, bikoni, yale mawe ya kupimia viwanja, ziliota kwenye tambarare kama uyoga. Mwezi haukuisha, ukuta ukapanda. Nani aliuza, nani alinunua, hakuna aliyejua vizuri.

Mwamvita alikwenda kuuliza katika ofisi moja mjini. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima.

"Kijana alinipokea vizuri, akaniita mama, akanipa kiti," anasema. "Akaniambia uwanja wa watoto hauingizi kodi, mama, na siku hizi kila kitu sharti kijilipe. Nikamwambia watoto hawawezi kujilipa. Akasema anajua. Akasema pole."

Mwisho wa tambarare ndio uliomponza Jesca.

Jesca alikuwa mtoto wa kwanza wa Martina, mama wa miaka thelathini na mmoja aliyekuja Morogoro kutoka Songea. Martina anafanya kibarua cha msimu cha kuchambua tumbaku. Mumewe anakata miwa upande wa Turiani na huonekana nyumbani mwisho wa mwezi. Mwamvita alimlea Jesca tangu ana miezi minne. Alimfundisha kutembea. Hata alipoanza shule, Jesca alipitia kwa Bibi kila mchana kabla ya kwenda kwao.

Jumamosi moja ya Mei mwaka jana, Mwamvita alikuwa msibani Mgeta. Watoto wa mtaa walikwenda tambarare wakakuta ukuta umefungwa kabisa. Wakazunguka zunguka, wakaishia shimoni.

Shimo lenyewe liko chini kidogo ya mtaa. Halikuchimbwa na tajiri. Lilichimbwa na wakazi wenyewe, kila anayejenga akifyatulia tofali zake hapo, miaka nenda rudi, mpaka likawa na kina cha kummeza mtu mzima. Mvua zile zililijaza maji, na jua la Mei lilikuwa halijayapunguza. Ukingo mmoja ulikuwa wa udongo laini uliolala vizuri. Watoto waliokuwa wakikumbuka masimulizi ya bati la kutelezea waliona wamepata jingine. Walikata dumu la plastiki, wakawa wanakalia vipande na kuteleza mpaka karibu na maji. Zamu ya Jesca, kipande hakikusimama.

Wanaume walimtafuta kwa miti mirefu hadi adhuhuri.

"Hawakuniambia kwamba amekufa," anasema Martina. "Waliniambia nikae. Kila niliyekutana naye njiani aliniambia, mama Jesca, kaa kwanza. Nikajua."

Mwamvita alirudi kesho yake, akakuta turubai limetandikwa uani kwa Martina. Alipita moja kwa moja hadi walipokaa wafiwa akaanguka magotini. Martina alimshika bega akamwinua. Hakumlaumu wakati ule, na hajamlaumu hadi leo. Lakini tangu arobaini ilipokwisha hajamletea tena mtoto.

Mtoto aliyebaki anaitwa Maria, sasa ana miaka minne. Kila asubuhi Martina anamwachia uji kwenye bakuli, kipande cha muhogo, ndoo ya haja ndogo na mdoli wa matambara. Kisha anafunga mlango kwa kufuli na kwenda kwenye tumbaku. Anarudi jioni.

Njia ya Mwamvita inapita chini ya dirisha la chumba hicho. Watoto wake wanalijua. Wakifika hapo husimama bila kuambiwa.

"Maria! Maria weee!"

Vidole vinne vinatokeza kati ya nondo. "Mnakwenda wapi?"

"Kucheza!"

"Wapi?"

Hilo swali ndilo linalomchoma Mwamvita, kwa sababu siku nyingi mwenyewe hajui.

Majirani walianza kumwita Martina mama Maria, wakidhani wanampunguzia uchungu. Mwamvita naye alimwita hivyo mara moja, alipokwenda kumsihi amfungulie mtoto.

"Mimi bado ni mama Jesca," Martina alimjibu.

"Nisamehe, mama Jesca. Lakini huyu mdogo anaoza ndani. Miguu yake umeiona? Anatembea kama aliyetoka kitandani hospitali."

"Naiona. Ni mimi ninayeiogesha."

"Nipe basi nimlee. Sitamwondolea jicho."

Martina alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. "Mama Shakila, najua hutamwondolea jicho. Si jicho lako ninalotilia shaka. Utamweka wapi? Nionyeshe pa kumweka, nami nitafungua."

Tangu siku hiyo utafutaji wa Mwamvita ulipata sura nyingine. Aliuliza kanisani, akaambiwa watoto wanavunja maua. Aliuliza msikitini, imamu akamkubalia kwa moyo mweupe, lakini ua wenyewe ni mdogo na kila swala inawabidi watoto watoke. Alikwenda na kundi lake hadi Mazimbu, kwenye majani mazuri ya chuo, mwendo ambao wadogo hawakuuweza. Walifika wamechoka, wakalala, na mlinzi alipowaamsha ulikuwa wakati wa kurudi.

Mwisho akapata mahali ng'ambo ya barabara kuu ya Dodoma. Palikuwa peupe, pana kichanga na miti miwili ya kivuli, na mzee mwenye eneo alisema hana haja napo. Jumapili baada ya misa alimwendea Martina. Martina akavaa viatu, akamfungulia Maria, wakaenda wote watatu.

Maria aliposhushwa mgongoni alisimama pale pale alipowekwa. Alitazama pande zote, kisha akamtazama mama yake kama anayeuliza ukuta uko wapi. Ilimchukua muda kupiga hatua. Alipoanza, alikimbia akaanguka, akainuka, akakimbia tena, anacheka kwa sauti ambayo Mwamvita anasema alikuwa amekwisha kuisahau.

Martina alimtazama mwanawe akicheza. Kisha akageuka kuitazama barabara waliyoivuka. Lilipita lori la mizigo, likapita basi, yakapita malori mawili yakishindana.

"Kila siku utawavusha hapa?" aliuliza.

"Asubuhi na jioni. Kwa kamba, kama inabidi."

Martina alimbeba Maria mgongoni, akafunga kanga. Mtoto alilia njia nzima. Walipofika nyumbani Martina alisema tu, "Asante, mama Shakila," akafunga mlango.

Kiwanja cha Bwana Abel nyuma ya mashine ya kusaga kilikuja baadaye, na Martina alikataa hata kwenda kukiona. Alisema cha mtu ni cha mtu. Asubuhi mawe yalipomwagwa, Mwamvita aliona kwamba jirani yake alikuwa amesema kweli.

Siku hiyo, baada ya kuwakusanya watoto uani kwake na kuwazuia wasikaribie majiko, alikaa akawaza. Kila mahali penye uso wa usawa patapata mwenye kamba na mambo. Kihonda nzima, alijiambia, ni mahali pamoja tu ambapo hakuna aliyepataka wala aliyepapima.

Mchana alirudi kwa fundi Alois.

"Udongo mtakaochimba kwenye msingi, mnaupeleka wapi?"

"Popote, mama. Hata njiani."

"Mwageni kwenye shimo la tofali."

Alois alimtazama. Yeye ni mmoja wa waliomtafuta Jesca kwa miti mirefu siku ile. Alisema ndiyo.

Kwa wiki mbili mkokoteni wa fundi umekuwa ukimwaga udongo shimoni. Mafundi wengine wamesikia, nao wanaleta kifusi. Mama lishe wanaleta majivu. Mwamvita, watoto wakishachukuliwa jioni, anakwenda na jembe na karai kusawazisha. Maji yalikwishakauka kwa kiangazi. Chini imebaki tope jeusi linalovuta mguu. Ameshaugua kifua mara moja. Viganja vyake vimepasuka, na anavificha chini ya kanga anapozungumza.

Si wote waliofurahi. Wako wanaosema shimo lile ni la msiba liachwe. Wako wanaotaka waendelee kufyatulia tofali. Aliyemwumiza zaidi ni Martina, ambaye alikuja siku ya tatu moja kwa moja kutoka kazini, nguo zinanuka tumbaku.

"Unafanya nini hapa?"

"Najaza, mama Jesca."

"Mwanangu alikuwa hai mara ya mwisho hapa. Nikitaka kumkumbuka akicheka, nakuja kusimama hapa. Wewe unapafukia?"

"Nilikuja kwako kukuomba kwanza. Nilibisha hodi mara tatu."

"Nilikusikia."

Mwamvita alilaza jembe chini. "Ukiniambia niache, naacha sasa hivi. Lakini mvua za vuli zinakuja, litajaa tena. Na wanangu mimi ni kumi na mmoja."

Martina hakusema aache, wala hakusema aendelee. Aliondoka. Kwa siku nne Mwamvita hakupita chini ya dirisha lile. Aliwazungusha watoto njia ya mbali.

Jumapili, watu wametoka kanisani, Martina alitokea na ndoo kichwani. Ndani yake kulikuwa na tofali mbili nzima na vipande. Yeye na mumewe walikuwa wamefyatua tofali mia mbili kwenye shimo lile lile, miaka mitatu iliyopita, wakazichoma na kuzipanga nyuma ya nyumba. Zilikuwa za chumba cha watoto, Jesca na mdogo wake. Hawakupata kukijenga.

Alizitupa shimoni moja moja. Kisha akaenda kuleta nyingine. Mwamvita aliposogea kumsaidia kutua ndoo, Martina alitikisa kichwa, akaitua mwenyewe. Alifanya hivyo mpaka jua lilipoanza kukaa nyuma ya nyumba. Fundi Alois alisimamisha mkokoteni mbali na kungoja amalize.

Shimo halijafika hata nusu. Mwamvita anakadiria kwamba mafundi wakiendelea kuleta udongo, litakuwa usawa wa mtaa kabla ya masika. Juu anataka kupanda majani, na pembeni azungushe ua wa miti ya minyaa, kwa kuwa haiibiwi wala haikatwi kuni. Fundi Alois amemwahidi nguzo mbili na kamba ya katani kwa ajili ya bembea moja. Zaidi ya hapo hana ahadi ya mtu yeyote. Mwenyekiti wa mtaa alipita akasema kazi nzuri, akaenda zake.

Analijua jambo ambalo jirani zake wanamwambia kwa kunong'ona. Leo hakuna anayelitaka shimo. Likijaa litakuwa kiwanja, na kiwanja Kihonda hakikosi mtu wa kusema ni chake.

"Nimeliwaza sana hilo," anasema, akiwa amesimama juu ya kifusi, karai ubavuni. "Nimehamishwa tangu kiwandani. Sina nguvu ya kuwazuia. Lakini wakija wenye kamba, watawakuta watoto wako ndani, na mama zao, na fundi, na wote tunajuana kwa majina. Kuhamisha bibi mmoja ni rahisi. Hao wengine watahangaika nao kidogo. Na hata wakishinda, shimo halitakuwepo tena. Hilo hawawezi kulirudisha."

Mwandishi wa makala haya alimuuliza Martina kama atamwachia Maria acheze pale patakapokuwa tayari. Ilikuwa Jumapili, siku yake ya mapumziko. Mlango ulikuwa wazi na mtoto amekaa kizingitini, miguu nje, anachora vumbi kwa kidole.

"Udongo mpya hudanganya," Martina alisema. "Ukipigwa na mvua, unatitia. Ngojeni kwanza masika yapite juu yake. Usipotitia, nitakuja naye mwenyewe, nitakaa pale siku nzima ya kwanza. Kazini watanikata hiyo siku, wakate."

Alimwita Maria aingie ndani. Mtoto akajifanya hakusikia, na mama yake hakumwita mara ya pili.